Ini Lisilo na Hatia

Zedekiah Ogutu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na alihakikisha kila mtu anajua. Wala si pombe peke yake. Chai hakunywa, kahawa hakunywa, sigara hakuvuta, na nyama ya nguruwe hata akiitaja alifuta midomo baadaye. Katika kampuni ya bima alikofanya kazi ya ukarani, ghorofa ya tatu, Barabara ya Serikali, Nairobi, saa nne ikigonga wenzake waliteremsha chai kwa maandazi. Yeye alifungua thamosi yake, akamimina maji ya moto matupu, akayanywa polepole huku akiwatazama kwa huruma. Heri angewatukana.

Kanisa lake lilikuwa Kawangware, jengo la mabati la Wasabato, na mwaka huo wa 1974 mzee wa kanisa alikuwa anarudi kwao Nyanza kulima. Kiti chake kilikuwa wazi. Zedekiah hakukiomba, maana mtu wa Mungu haombi cheo. Alichofanya ni kukaa karibu nacho, tai imenyooka, akingoja kubembelezwa. Alikitaka kiti kile hata akalala akikiota, na waumini nao walikuwa tayari kumpa, lakini si kwa sababu ya maji yake ya moto. Walimpendea jambo alilomfanyia mama mkwe.

Na hapa ni lazima tuseme ukweli mapema, kwa sababu Zedekiah mwenyewe hakuusema.

Mama Ajwang, mama mzazi wa Peres, mkewe Zedekiah, aliletwa kutoka Karachuonyo mwezi wa tatu akalazwa katika hospitali kuu kule Upper Hill, apasuliwe uvimbe wa tumbo. Peres alikwenda kumwona kila siku isipokuwa Sabato moja, kwa kuwa mtoto alishikwa na surua. Siku hiyo akamtuma mumewe. "Nenda wewe, Baba Shem," alimwambia. "Jumatatu wanampasua, na anaogopa. Aone tu kwamba watu wake wako."

Sasa, kwa Wajaluo, mtu na mama mkwe wake huheshimiana mpaka heshima yenyewe ikachoka. Hali chakula naye meza moja, hamkazii macho, na kumkuta amejilaza kitandani ni mwiko usioulizwa mara mbili. Kwa hiyo mkwe mwenye adabu akienda kumwona hospitalini husimama nje ya wodi, akamtuma nesi apeleke salamu, akangoja jibu, akarudi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa Zedekiah: kusimama kwenye korido. Mtu angedhani si kazi ya kumshinda.

Alitoka kanisani na Biblia yake kwapani, akashika Barabara ya Ngong kwa miguu. Alipokaribia Woodley akasikia watu wakinguruma. Kulikuwa na mechi. Zedekiah alikuwa na udhaifu mmoja tu duniani, na Shetani anajua kuhesabu mpaka moja: alipenda mpira kama mtoto anavyopenda sukari. Akajiambia atasimama kidogo tu nje ya ua. Kuingia asingeweza, kwa sababu kununua tikiti siku ya Sabato ni biashara, na biashara siku ya Sabato ni dhambi. Dhamiri yake ilikuwa kali sana juu ya jambo hilo. Basi, ili asiivunje Sabato, akapanda mti.

Kutoka kwenye tawi lile aliona uwanja wote. Mama mkwe hakumwona tena, wala hospitali, wala saa. Timu ya nyumbani ilipofunga bao, Zedekiah alirusha mikono yote miwili juu kushangilia, na mti haukuwa na sababu ya kuendelea kumshika. Aliangukia jiwe kwa ubavu. Akajikokota hadi nyumbani jioni, uso umempauka, akamwambia mkewe mambo mawili. La kwanza, amepata kichomi. La pili, alisimama nje ya wodi mchana kutwa, nesi akapeleka salamu, na Mama akajibu kwamba amefurahi.

Nani angempinga? Mila yenyewe ndiyo iliyomtolea ushahidi. Mkwe haonekani, uzuri wa mkwe ni kutoonekana. Peres alimkanda ubavu kwa maji moto na samli wiki kadhaa, akilia kwa furaha kwamba ana mume wa namna hiyo aliyepata kichomi kwa ajili ya mama yake, kwenye upepo wa korido. Mama Ajwang akapasuliwa, akapona, akarudi Karachuonyo, na huko akawa anawasimulia watu: "Wakwe wengine huingia wodini kama wanaingia sokoni. Wangu alisimama nje." Habari ikarudi Kawangware ikiwa imenona zaidi. Kila iliposimuliwa, Zedekiah aliinamisha kichwa. Watu waliona ni unyenyekevu.

Basi mwezi wa sita kampuni ikaanza kuwapima afya makarani Waafrika waliokuwa wakipandishwa kwenye viti vya Wazungu. Zedekiah akapelekwa kwa Daktari Ephantus, kijana wa Dagoretti aliyesomea ng'ambo, mwenye kliniki nyuma ya posta. Daktari akamtoa damu. Baada ya siku kadhaa ikaja bahasha iliyofungwa, na karani wa kliniki akampa pamoja na ujumbe: daktari anaomba arudi wazungumze kidogo.

Mtu mwingine angefungua bahasha. Zedekiah alikuwa na mpango bora. Sabato iliyofuata ilikuwa Sabato ya Afya, siku ya kufundishana juu ya kula na kunywa, na siku iliyofuata baraza lingekaa kuchagua mzee. Aliiona picha yote mbele yake: bahasha ifunguliwe madhabahuni, mbele ya macho ya wote, na damu ya mtu asiyekunywa isomwe kama ushuhuda. Hakutaka kuisoma mwenyewe, isije ikawa majivuno. Akamwomba Shemasi Nashon, rafiki yake wa miaka, ambaye alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali kuu, na kwa hiyo alihesabiwa kanisani kuwa nusu daktari.

Nashon akasimama, akaifungua, akakohoa.

"Damu ya Ndugu Ogutu," akasema. "Naanza na madini. Sodiamu: mia moja na arobaini!"

"Amina!" kanisa likaitika. Mia moja na arobaini si mchezo. Hata shuleni hakuna aliyewahi kupata alama hizo.

"Kloridi: mia moja na mbili!"

"Amina!"

"Kalsiamu, hiyo ni chokaa ya mifupa: tisa na nusu."

Amina ya hapo ilikuwa na wasiwasi kidogo. Potasiamu ilipotajwa kuwa nne tu, mama mmoja wa viti vya mbele akaguna kwa masikitiko, na mchungaji akasema tutaikumbuka katika maombi ili iongezeke. Zedekiah alitabasamu kama mtu aliyeshindwa somo moja katika mengi.

Nashon akageuza karatasi. "Sasa ni ini," akasema, kisha akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Endelea, ndugu," Zedekiah akamhimiza. "Usiwafiche watu."

"Kuna mahali wameweka alama nyekundu."

"Nyekundu ni nzuri ama ni mbaya?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Nashon hakuwa mtu mwovu. Hilo ndilo lililomwangamiza Zedekiah, kwa sababu mtu mwovu angetilia chumvi na watu wangemshuku. Nashon alitazama karatasi, akamtazama rafiki yake, machozi yakamlengalenga, akasema kile alichokijua. "Mimi hubeba hizi karatasi kila siku kule wodi. Ini ikiwekwa nyekundu hivi, mara nyingi ni ya hawa watu wa chang'aa."

Zedekiah akacheka, na kucheka kwenyewe kukaonekana kubaya. Akasema ni uongo, yeye hunywa maji matupu, kila mtu ofisini ameiona thamosi yake. Hapo watu wakatazamana. Chang'aa, pombe ile kali ya kienyeji, ni nyeupe kama maji. Miaka yote hiyo mtu huyu alitembea na thamosi, na hakuna aliyewahi kuonja kilichomo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini ni wachache wanaoingia wakiwa wamevaa tai.

Baraza lilikaa kesho yake kama lilivyopangwa, na badala ya kumchagua likamjadili. Peres aliitwa, akasimama kama simba jike. "Mimi ndiye nalala na huyu mtu! Angekuwa anakunywa si ningesikia harufu? Mnataka kusema mimi sina pua?" Wazee wakamwonea huruma, maana mke wa mlevi husema hivyo hivyo. Mwishowe wakakata shauri: Zedekiah arudi kwa daktari, aandamane na mkewe na Shemasi Nashon, na daktari aseme mbele yao kama ini hili linakunywa au halinywi. Likitoka safi, kiti ni chake. Zedekiah akakubali kwa moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alikuwa na hakika kabisa kwamba anasema kweli.

Daktari Ephantus aliwakaribisha, akashangaa kuona mgonjwa mmoja ameletwa na mashahidi. Alipoelezwa habari ya kanisani akaitandaza karatasi mezani.

"Hii si marks ya shule," akasema, "ati nyingi ndiyo nzuri. Kila moja iko na kiasi yake. Hiyo potasiamu nne mlisikitikia ndiyo tunataka. Ingepanda vile mliombea, moyo ungesimama, sasa hivi mngekuwa matangani."

Nashon akatazama chini.

"Haya, ini. Huu mstari wa kwanza ni manjano. Ini ndiyo husafisha hiyo manjano kutoka kwa damu. Ikishindwa, inajaa, mnaona mtu macho imegeuka. Ya Bwana Ogutu iko chini, safi. Hizi mbili ni vitu hukaa ndani ya ini. Ini ikiumia zinavuja kuingia kwa damu, kama vile gunia ikitoboka unaona maharagwe njiani. Hapa hakuna maharagwe. Hii nyingine ni protini ambayo ini hutengeneza. Iko ya kutosha."

"Bwana asifiwe!" Peres akasema, akamgeukia Nashon. "Umesikia, Shemasi? Hakuna maharagwe!"

"Lakini hiyo nyekundu, daktari?" Nashon akauliza kwa adabu.

"Ndiyo nilitaka arudi tuongee. Hii inaitwa fosfatesi, na iko na nyumba mbili. Inaweza kutoka kwa ini, njia ya nyongo ikiziba. Ama inaweza kutoka kwa mfupa, wakati mfupa unajijenga. Ndiyo maana watoto wakikua wako nayo mingi, na mtu akivunjika, mfupa ukianza kushika, inapanda hivi hivi. Karatasi haiwezi kukwambia huyu ni mlevi, huyu si mlevi. Inakwambia tu, hapa kuna kitu, uliza. Sasa kama zile zingine zote za ini ni safi, na chokaa iko sawa, mimi siulizi ini. Mimi nauliza mfupa." Akamgeukia Zedekiah. "Umevunjika mahali, Bwana Ogutu? Kitu kama miezi miwili, mitatu hivi?"

Zedekiah, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kifua mbele, akahisi maji yakimfika shingoni.

"Hapana," akasema.

"Hajavunjika," Peres akaunga mkono. "Mwezi wa tatu alikuwa na kichomi tu."

"Kichomi upande gani?"

"Huu wa kushoto. Jioni ile alitoka kuona mama yangu hospitali. Ilimshika vibaya, hata kupumua ilikuwa shida."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hebu twende nyuma ya pazia, Bwana Ogutu. Toa shati."

Nyuma ya pazia kidole cha daktari kilitembea juu ya mbavu moja moja, kikafika mahali, kikasimama. Palikuwa na vinundu viwili vigumu. Zedekiah akauma meno.

"Hii kichomi yako iliingia na shoka?" daktari akanong'ona. "Mbavu mbili. Imeshika vizuri. Nani alikupiga?"

"Mti," Zedekiah akanong'ona.

"Mti ulikupiga?"

"Daktari, nakusihi. Usiwaambie."

"Siri ya mgonjwa ni yake. Lakini wewe si ungetoka tu uwaambie ulianguka? Hii ndiyo inakutoa kwa hiyo kesi ya pombe."

Zedekiah alisimama pale na shati mkononi. Ubavuni mwake alikuwa na ushahidi ambao hakuna baraza lingeweza kuupinga, na hakuthubutu kuutoa. Akisema mfupa, Peres atauliza: ulivunjika lini? Na siku ni ile ile moja. Mtu havunjiki mbavu mbili kwa kusimama kwenye korido. Ataulizwa alikuwa wapi, na mke aliyemkanda kwa samli akilia kwa shukrani atajua kwamba mama yake alilala peke yake akiogopa kisu, na mumewe yuko juu ya mti akishangilia. Kiti cha uzee kingekwenda, hilo ni dogo. Peres asingemtazama tena kwa macho yale. Na kule Karachuonyo mwanamke mzima aliyemsifu mbele ya ukoo angebaki na aibu ya kuvaa.

Pombe je? Pombe ni ya watu wote. Kila ukoo una mlevi wake, na kila kanisa lina maombi yaliyotengenezwa tayari kwa ajili yake. Akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akatoka.

"Sasa daktari," Nashon akauliza, "ni ini ama ni mfupa?"

Daktari akavua miwani akaanza kuisafisha. "Mwenye mwili ni huyu. Mwulizeni."

"Ni ini," Zedekiah akasema.

Daktari akapaliwa na mate. Peres akasimama. "Ini gani?"

"Nimekuwa nikinywa, Mama Shem. Tangu mwaka uanze."

"Bwana Ogutu," daktari akasema alipopata pumzi, "mimi ini yako naweza kuisimamia hata kortini."

"Asante, daktari. Lakini mimi ndiye ninayeijua."

Walipofika Kawangware Nashon alimkumbatia, akamwambia kwamba mwanamume anayekiri ameshapona nusu. Kwa ujasiri wake wa kusoma kweli bila kumwogopa rafiki, Nashon ndiye aliyechaguliwa mzee wa kanisa. Zedekiah alihamishiwa benchi la nyuma kwa muda usiotajwa, na thamosi ikachukuliwa.

Wanadamu hawana haya. Ofisini, ambako miaka yote hakuna aliyempenda, sasa makarani walimpiga mgongoni. "Kumbe wewe ni mtu kama sisi!" walimwambia, wakamwachia andazi. Kanisani walimwombea ini kila Jumatano, kwa jina, na ini lile, lililokuwa limelala tumboni safi kabisa, likapokea maombi mengi kuliko viungo vyote vya Kawangware. Vijana walitaka ushuhuda. Waliuliza pombe ina ladha gani, na Zedekiah, asiyejua, akasema ni tamu kama asali mwanzoni na chungu mwishoni, akitumaini Biblia haiwezi kukosea. Mlevi wa kweli aliyekuwa amekaa mlangoni akatikisa kichwa akaondoka. Nashon naye akachukua jukumu la kumlinda: kila jioni alimngoja nje ya ofisi watembee pamoja, wasipite baa, na kila Sabato mchana alikuja kukaa naye nyumbani wakisoma maandiko mpaka jua lizame. Mpira wa Woodley ulichezwa, watu wakinguruma, na Zedekiah akiwa mbali nao bila kupenda.

Peres ndiye aliyemtesa zaidi, kwa kutomtesa. Alilia siku mbili, kisha akaosha uso. Hakumsuta wala hakumnyima chakula. Alimwambia, "Mtu aliyesimama vile kwa ajili ya mama yangu, siwezi kumwacha kwa sababu ya chupa." Zedekiah alikwenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake, na alijichukia kweli kweli.

Mwezi wa nane Mama Ajwang akaja Nairobi. Alikuja kuangaliwa kidonda chake hospitalini, lakini pia habari za mkwe zilikuwa zimemfika. Alilala kwa mwanawe wa kiume kule Kibera, maana mama mkwe halali kwa mkwe, na Jumapili mchana akaja kumwona binti yake. Peres akamwekea kigoda nje, chini ya paa, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao. Zedekiah alibaki ndani, kama inavyopasa. Walisalimiana kupitia ukutani.

Baada ya uji Mama Ajwang akamtuma Peres dukani amnunulie ugoro. Hakuwahi kutumia ugoro maishani. Zedekiah alilijua hilo, akakaa wima kwenye kiti.

"Baba Shem," mama akasema. Sauti yake ilipita kwenye nyufa za mbao kana kwamba yumo chumbani. "Uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Kuna kitu nimeweka tumboni tangu hospitali, na si ule uvimbe. Nataka nikitoe leo, na msichana asisikie." Akaweka kikombe cha uji chini. "Sabato ile hukuja."

Zedekiah akashika ukingo wa kiti.

"Peres alikuwa ameniambia utakuja usimame nje. Nikamwambia nesi, hebu angalia kama kuna mtu kwa korido, mrefu, na tai. Akaangalia. Hakuna mtu. Nikamwambia tena. Hakuna. Akachoka na mimi, mpaka akaacha mlango wazi nijionee mwenyewe. Kulikuwa na benchi tu. Mimi nilikuwa najua nakufa Jumatatu, mwanangu. Nilikuwa naangalia hiyo benchi mpaka wakazima taa."

"Lakini, Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema. Peres alikuja kesho yake anacheka, ananiambia vile ulisimama, vile upepo ulikupiga. Ningemwambia nini? Mimi ndiye nilikupokea nyumbani kwangu. Nikasema, ndiyo, nilijua yuko. Kisha ikabidi niseme kila mahali, kwa sababu uongo ukiutunza kidogo watu wanauona."

Nje kuku alikuwa anaparua majani makavu. Zedekiah alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza alitaka kusema yote, mti, bao, jiwe, Biblia aliyoiangusha kwenye majani, na maneno yalikuwa tayari ulimini. Alikuwa amechoka na pombe ambayo hakuinywa.

"Nilikuwa na uchungu na wewe," Mama Ajwang akaendelea, "uchungu mbaya. Naomba, halafu naamka bado uko. Nikifikiri, huyu mtu alikuwa na miguu yake, na akili yake, anajua naogopa, na akaona tu haina maana kuja. Hiyo ndiyo nilishindwa kusamehe. Hata Mungu nilimwambia hiyo sitaweza. Sasa nikasikia hii maneno ya pombe. Watu walikuwa wananipa pole, na mimi ndani nimeshukuru. Nikasema kumbe! Kumbe ni ugonjwa ulimshika njiani." Kigoda kikalia, alikuwa amegeuka kuelekea ukuta. "Nimetoka Karachuonyo kukuuliza hii moja tu, niende na amani. Siku ile ulikuwa umelewa?"

Zedekiah aliziona kupitia ufa nywele zake nyeupe, na kitambaa kilichofungwa vizuri kwa ajili ya safari. Akaangalia chini upesi, kwa heshima.

"Nilikuwa nimelewa, Mama," akasema. "Sijijui."

"Bwana asifiwe," Mama Ajwang akasema, na akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Asante, mwanangu. Nilikuwa naogopa kwamba ulinisahau tu."

Zedekiah, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, aliegemeza kichwa kwenye mbao upande wa pili, na alitamani kwa moyo wake wote kwamba angekuwa ameinywa.